Vipimo vya Mtoto Asiyekuwepo

Kwenye cherehani yangu,
Mlango wa tatu baada ya kinyozi,
Jumapili, 14 Septemba, mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi, za kutosha kujaza begi lako mpaka zipu ikatae kufunga. Natumaini u mzima, na kwamba lile goti ulilolilalamikia limeacha kukusumbua unapopanda ngazi za hapo kiwandani. Unakula? Usinijibu kwamba unakula. Niambie unakula nini na nani anapika, maana sauti yako mwezi uliopita ilikuwa ya mtu anayeishi kwa mkate na chai.

Sisi huku hatujambo. Shemeji yako bado anatengeneza redio ambazo hakuna anayezisikiliza, na meno yangu mawili ya nyuma yamestaafu kabla yangu. Macho bado yanatunga uzi bila miwani, ingawa sindano za siku hizi zina matundu madogo, sijui wanawatengenezea nani.

Nimekuandikia badala ya kukupigia kwa sababu mbili. Kwanza, ndani ya bahasha hii kuna karatasi inayotaka sahihi yako ya kalamu. Pili, kwenye simu wewe hunikatiza. Kwenye barua itabidi unisikilize mpaka niishiwe na wino.

Nianze na mkeo, maana najua ndiko macho yako yanakokimbilia. Wifi yangu ni mzima, kanenepa kidogo, na nyumba yake inang'aa hata unaogopa kuikanyaga. Nampenda. Lakini kwa habari ya kulea, mdogo wangu, wifi kapotea njia, na anayemnunulia vifaa vya kupotelea ni wewe.

Mwanao, Chiriku wetu, ametimiza miaka kumi na mitatu. Hajawahi kuwasha jiko. Hajawahi kukata kitunguu kwa kuwa kisu kina makali, kana kwamba kuna kisu butu chenye faida. Hajawahi kuvuka barabara bila kushikwa mkono. Mwezi uliopita nilimkuta mama yake akimmenyea chungwa na kumtolea mbegu moja moja, kwa uangalifu wa daktari anayetoa risasi mwilini. Na mtoto mwenyewe, mwenye miguu mirefu kuliko yangu, amekaa anasubiri. Nilitoka nje nikaenda kucheka na ukuta.

Usidhani ni wifi peke yake. Siku hizi kuna kundi la wazazi kwenye simu, watu wazima wenye vyeti vyao, wanaoandikiana tangu alfajiri: nani kapiga chafya darasani, mwalimu gani kapaza sauti, dawati lipi lina pembe kali. Mzazi mmoja alishauri watoto wavae kofia ngumu wanaporuka kamba. Wifi aliponisomea nikadhani ni mzaha. Watu kumi na saba walikuwa wameweka dole gumba, na mkeo mmojawapo.

Wala usifikiri natetea upande wa pili. Jirani yangu kinyozi hujisifu kwamba wanawe wanalelewa kwa uhuru. Uhuru gani? Mtu hajui binti yake wa kati yuko darasa la ngapi. Yule mdogo alikuja kwangu na kidonda cha mguuni cha wiki mbili, nikamwosha na kumfunga mimi. Nilipomwuliza baba yake, akajibu huku akinoa wembe, "Mwache fundi, dunia itamfunza." Dunia hiyo kaiajiri nani, imfundishie mwanawe bure? Ule si uhuru, ni uvivu uliovaa tai. Basi mtaa wetu una malezi ya aina mbili tu: mtoto anayelelewa kama yai, na mtoto anayelelewa kama jiwe.

Sasa sikiliza habari ya gauni.

Unajua kila mwaka mimi ndiye ninayemshonea Chiriku sare ya shule. Mwaka huu wifi alikataa kumleta dukani. Alisema duka lina mikasi, lina pasi ya moto, na vumbi la vitambaa litamwingia mtoto kifuani. Akanitumia vipimo kwenye simu. Mimi katika miaka thelathini na moja ya kazi hii sijawahi kushona kitu nisichokiona. Hata pazia, huenda kwanza nikalitazama dirisha lake. Lakini kazi zilikuwa nyingi, nikakubali kama mjinga, nikakata, nikashona, nikapeleka.

Siku ya pili wifi akaja na gauni kwenye mfuko, midomo ameivuta. Zipu ilikuwa imegoma katikati ya mgongo, mabega hayaingii, na pindo limepanda juu ya magoti.

"Wifi," akaniambia mbele ya wateja, "kitambaa changu kingine umekipeleka wapi?"

Yaani mimi mwizi wa kitambaa! Nilifungua daftari langu la mwaka jana nikaweka vipimo vyake kando ya vyangu. Vilikuwa vilevile, isipokuwa kila kimoja kimeongezwa inchi moja: bega inchi moja, kifua inchi moja, urefu inchi moja. Hakumpima mtoto. Alikaa kwenye kochi akapima kumbukumbu yake, akaongeza kidogo ili aonekane mkarimu.

Nikamwambia aniletee mwenye mwili.

Alimleta Jumamosi ya juma lililopita, amemshika mkono, akaniachia masharti: asiguse mkasi, asikae karibu na pasi, asitoke nje. Na mkononi mwa mtoto kulikuwa na ile saa uliyomtumia, inayowaonyesha wewe na mama yake kwa kidoti cha buluu mahali alipo. Zawadi gani ile? Ng'ombe naye huvishwa kengele, lakini angalau haambiwi aseme ahsante.

Nilimsimamisha nikampima. Mdogo wangu, mwanao amerefuka inchi nne kwa mwaka mmoja. Ana mabega yako. Nilipomzungushia futi kifuani alibana pumzi, nikamwambia apumue, maana gauni halivaliwi na mtu aliyebana pumzi. Alipopumua, maneno nayo yakatoka.

"Shangazi, nimechaguliwa ile shule ya ng'ambo ya reli. Mama ameificha fomu kwenye kabati la vyombo. Anataka niende ile yenye gari."

Hiyo yenye gari naijua. Inawachukua watoto mlangoni na kuwarudisha mlangoni kama mitungi ya gesi, na dereva hutia saini kwamba wamefika wakiwa kamili. Humo ndani hakuna maabara wala maktaba, lakini mikanda ya viti ni mipya.

"Wewe unataka ipi?" nikamwuliza.

"Ya ng'ambo ya reli. Wana maabara, na mwalimu wa hesabu ananijua. Ni dakika ishirini kwa miguu. Lakini Mama anasema sitafika."

"Na wewe unasemaje? Utafika?"

Chiriku, ambaye tangu azaliwe hajawahi kukosa la kusema, alianza kuuchezea mkanda wa ile saa. Kisha akasema, "Sijui, Shangazi. Sijawahi kujaribu."

Hapo ndipo hasira iliponipanda, na hapa ndipo ninapoanza kuungama, kwa hiyo kaa vizuri.

Nilimvua saa nikaiweka kwenye droo ya vifungo. Nikampa kipande cha kitambaa cha sare, nikamwambia aende kwa Babu Zipu, yule mzee wa duka la vifaa vya ushonaji, ambaye yuko karibu na lango la shule hiyohiyo. Aninunulie zipu na uzi wa rangi ile. Nikamwelekeza: apite kwenye daraja la waendao kwa miguu, asikatishe relini hata akiona wengine wanakatisha. Alinitazama kama vile nimemwambia aende akaposwe. Halafu akatoka, wala hakugeuka nyuma.

Nikarudi kwenye pasi kichwa kimenivimba. Nilijiona bingwa wa malezi. Nilikuwa nikinyoosha suruali ya karani wa mahakama, mtu anayependa mkunjo unaokata karatasi, huku nikitunga maneno ya kumnyamazisha wifi. Nilipiga hesabu: dakika ishirini kwenda, ishirini kurudi, na kumi za mdomo, maana ni Chiriku.

Ndipo ulipopiga simu. Bila shaka unakumbuka. Ulisema, "Dada, naona Chiriku yuko kwako. Safi sana, nimetulia." Nami nikakujibu, "Yupo, anakunja vitambaa."

Nilikudanganya, mdogo wangu. Kilichokuwa kwangu ni saa. Ilikuwa drooni, juu ya vifungo vya makoti, na wewe huko mbali ulikuwa umetulizwa na droo. Uniwie radhi. Sikukuomba radhi siku ile kwa kuwa nilikuwa na hakika atatokea mlangoni kabla hujakata simu.

Hakutokea. Saa nzima ikapita, ikaongezeka robo. Sasa wale wote niliokuwa nikiwacheka wakaingia kichwani mwangu wakakaa: malori, treni, watu wenye macho mabaya, hata pembe za madawati. Mimi niliyecheka kofia ngumu, saa ile ningeweza kumvika mtoto pipa.

Nilitoka mbio. Kandambili moja ilikatika kabla sijafika kwenye ngazi za daraja, nikaiacha. Kinyozi akapaza sauti kutoka mlangoni, "Fundi, nani kafa?" Sikuwa na pumzi ya kumtukana. Juu ya daraja nikawa nauliza kila mtu kama kaona msichana mrefu mwenye mdomo, na watu wakaniangalia mguu mmoja uliokuwa peku wakanipisha.

Nilimkuta nje ya duka la Babu Zipu, amechuchumaa juani, kipande cha kitambaa kakitandaza gotini, na maboksi ya zipu yamemzunguka. Anachukua moja, anailinganisha, anairudisha. Alikuwa keshanunua mara ya kwanza na kuanza safari ya kurudi. Alipofika darajani akaitazama zipu kwenye mwanga, akaona imeelekea kijani. Akageuka, akarudi kuidai nyingine.

"Rangi ya ndani ya duka si rangi ya nje, Shangazi," akaniambia. "Wewe mwenyewe husema hivyo."

Nilisema hivyo kweli, yeye akiwa na miaka mitano, akichezea vipande chini ya meza yangu, kabla mama yake hajaanza kuogopa vumbi.

Babu Zipu alikuwa amesimama mlangoni ameshika kiuno. "Fundi, huyu umemtoa wapi? Amenifungulisha maboksi yote. Hata wewe hunisumbui hivi."

Chiriku akaangalia mguu wangu. "Umekuja kunitafuta?"

"Nimekuja kununua vifungo," nikasema.

"Vingapi?" akauliza Babu Zipu, mzee asiye na huruma.

Nikanunua vifungo sita nisivyovihitaji. Vipo hapa mezani, ni vya rangi ya machungwa, na hakuna binadamu atakayevitaka.

Tuliporudi yeye alitangulia. Pale kwenye barabara kubwa alisimama, akatazama huku na huku, akatazama tena huku, halafu akanishika mkono akanivusha.

Dukani tulikuta moshi. Kinyozi alikuwa amechomoa waya wa pasi na kumwaga maji, na suruali ya karani ilikuwa na umbo zima la pasi, tena pale anapokalia. Basi siku ile watu wawili walitoka dukani kwangu. Mmoja alirudi na zipu yenye rangi sahihi, na mwingine nusura ateketeze mtaa. Wifi alisema duka langu ni la hatari kwa sababu ya pasi. Alisema kweli, alisahau tu kumtaja mwenye pasi. Karani nimeahidi kumshonea suruali nyingine, na tangu hapo akinisalimu ananisalimu kama mshitakiwa.

Jumatatu nilikwenda kwa wifi kumwambia yote. Nilijiandaa kwa makelele. Nilikuwa na dharau yangu tayari mdomoni, nimeinoa njia nzima. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha jikoni akauliza, "Alivuka mwenyewe?"

"Alivuka."

"Kwa daraja?"

"Kwa daraja."

Akauliza tena, alivuka mwenyewe? Aliuliza mara tatu, halafu akaanza kulia bila sauti, akifuta meza iliyokuwa safi.

"Wifi," akasema, "mimi niko peke yangu na mtoto huyu. Likimpata jambo, baba yake hataniuliza ulimfundisha nini. Ataniuliza ulikuwa wapi."

Ile dharau yangu ilikosa pa kukaa, nikaimeza. Maana alinionyesha simu yake, mdogo wangu. Nimesoma maandishi yako. "Mbona kidoti kimesimama?" "Mbona kimechelewa kutoka shuleni dakika sita?" "Hapo kona ni wapi?" Mara nane kwa siku moja! Unalinda kutoka huko, kwa kidole, ukiwa umekaa, halafu mwanamke huyu ndiye anayetetemeka kwa niaba yako. Nilimwona mlinzi, sikujua naye ana anayemlinda. Kama kuna mtu wa kudharauliwa katika habari hii, wifi si wa kwanza kwenye foleni. Wewe umemtangulia.

Na mimi nimekutangulia wewe. Nyani haoni kundule, lakini mimi langu nimeliona, na niseme leo lile ambalo hatujawahi kulisema.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, wewe minne. Mama alikuwa akipika hospitalini tangu alfajiri, nami nilikuwa najifunza kazi kwenye duka lile lililotazama barabara ya malori. Nilichukua ukanda wa bitana, nikakufunga kifundo cha mguu, upande mwingine nikaufunga kwenye mguu wa cherehani. Hukugongwa na gari. Watu walinisifu, nami nikajisifu. Lakini ulipofika miaka mitano nilikufunga, na sita nikakufunga, na saba. Watoto wa mtaa walikuwa wakipita mlangoni wakilia kama mbuzi. Mbuzi wa Fundi, ndivyo walivyokuita, nami nikawafukuza kwa rula nikaona nimekutetea.

Siku moja niliinama kuokota kifungo chini ya meza, nikaona fundo limefunguliwa. Sijui ulikuwa umejua kulifungua tangu lini. Ukanda umeulaza tu juu ya mguu, nawe umekaa palepale unahesabu vipande vya chaki. Hukwenda popote. Ulikaa ili nisipate wasiwasi.

Na mimi nikalifunga upya. Mafundo mawili.

Ulipofikisha miaka ishirini ulipata safari ya mbali kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu. Watu husema uliifuata kazi. Mimi huitikia kwa kichwa nikaendelea kushona.

Kwa hiyo fomu ndiyo hiyo, imekunjwa mara mbili, ina harufu ya masufuria. Wifi ameitoa mwenyewe kabatini, akaniambia, "Mwandikie baba yake. Akitia sahihi yeye kwanza, nami nitatia." Lazima irudi kabla ya tarehe kumi na tano ya mwezi ujao. Ikichelewa, nafasi anapewa mwingine, na Chiriku atapanda gari la mitungi mpaka awe na wajukuu. Sikuambii umwachie kama kinyozi. Mfundishe, mwelekeze, mwonyeshe daraja liko wapi. Miezi ya kwanza mama yake amsindikize mpaka kwenye ngazi, wamekubaliana hivyo, na mimi nitakuwa mlangoni saa ya kurudi. Lakini akishajua njia, mwache aipite. Na tafadhali, ukiona kidoti kimesimama, huenda mtoto yuko juani anachagua rangi.

Nyuma ya barua nimekuandikia vipimo vyake vipya, kwa sababu lile gauni ulilomtumia mwezi wa sita lingemfaa mtoto wa miaka tisa. Nilivichukua akiwa amesimama mbele yangu, anapumua. Visome polepole. Huyo ndiye mwanao alivyo sasa.

Shemeji yako anakusalimu na anauliza kama huko watu bado wana redio. Wifi anakusalimu, na ukimpigia, mwulize kwanza yeye hajambo kabla ya kuuliza kidoti. Chiriku anakusalimu sana, hajui nimeandika nini. Msalimie mwenzako wa chumbani anayekoroma. Hata kinyozi anakusalimu, na kwa kuwa aliokoa duka langu nimelazimika kufikisha.

Mungu akulinde huko uliko. Akulinde kwa mbali kidogo, akuachie nafasi ya kutembea.

Ni mimi dada yako akupendaye,
niliyefunga lile fundo la pili.